Sauti ya Magole kwenye Diski: Vidokezo 12 kwa Fundi wa Mastaringi

Pale Magole, wilayani Kilosa mkoani Morogoro, barabara ya Turiani inapoachana na barabara kuu ya Dodoma, kelele haziishi mchana kutwa. Malori ya Kigali na Bujumbura yanabadilisha gia, bodaboda zinaita abiria, na jioni za Jumamosi kwaya inafanya mazoezi ndani ya kanisa lililoezekwa kwa bati. Siku moja nilipomaliza kuirekodi kwaya hiyo, nikiwa nakunja waya, mama mmoja wa sauti ya kwanza alinisogelea. "Mwanangu, hii itakaa? Wajukuu wataisikia?" Nikamjibu, "Itakaa, mama." Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta namna ya kulilipa jibu lile. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Anza na mashine iliyopo sebuleni

Mafundi wengi huanza na diski nzuri kuliko zote, halafu ndipo wanajiuliza nani ataicheza. Geuza mpangilio huo.

Diski za sauti ya hali ya juu ni za aina kadhaa. SACD, ya Sony na Philips, ilitoka mwaka 1999. Sauti yake huandikwa kwa biti moja moja, zaidi ya milioni 2.8 kwa kila sekunde. Ni nzuri mno, lakini huwezi kuichoma nyumbani, kwa sababu SACD halisi hutoka kiwandani. DVD-Audio ikafuata mwaka 2000. Hii unaweza kuichoma kwenye DVD tupu ya kawaida, nayo inabeba biti 24 hadi kilohezi 192 kwa sauti ya spika mbili. Tatizo lipo kwa msikilizaji: mashine ya kuisoma DVD-Audio sijaiona Dumila, sijaiona Kilosa mjini wala Mikumi. Blu-ray inabeba zaidi ya hizo zote, na mashine zake nazo huku ni za kutafuta kwa tochi.

Sasa ingia sebuleni kwa watu wa Magole. Kuna runinga, kuna spika, kuna deki ya DVD iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Deki hiyo ndiyo rafiki yako. Kanuni za DVD ya kawaida ya video zinaruhusu sauti isiyobanwa ya biti 24 kwa kilohezi 96, spika mbili. Diski ya namna hiyo itachezwa kwenye deki ya kawaida. Deki nyingi za bei nafuu huishusha sauti hadi kilohezi 48 kabla ya kuitoa kwenye spika, lakini kilichoandikwa kwenye diski kinabaki kizima, kikisubiri mashine bora. Mimi nimechagua njia hii, na sijaijutia.

2. Jua faida halisi ya biti 24

Hapa lazima tuambiane ukweli. CD ya kawaida ni biti 16 kwa kilohezi 44.1, na inashika sauti hadi kilohezi 22 hivi. Sikio la kijana mwenye afya hukomea kwenye 20, la mzee huishia chini zaidi. Mwaka 2007, Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walichapisha jaribio katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti: wasikilizaji walichezewa diski za hali ya juu, mara moja kwa moja, mara zikipitishwa kwanza kwenye kiwango cha CD. Katika usikilizaji wa kawaida hawakuweza kutofautisha. Kwa hiyo ukimwahidi mwanakwaya kwamba atasikia malaika wapya, utakuwa humtendei haki.

Basi tunahangaika kwa nini? Kwa ajili ya mikono. Seremala anayetaka meza ya unene wa inchi moja hanunui ubao wa inchi moja. Hununua mnene zaidi, kwa sababu randa italamba, msasa utalamba, na fundi wa miaka ijayo atakayeitengeneza upya naye atalamba. Sauti ni hivyohivyo. Kila unapopandisha sauti, unaposhusha besi, unapoondoa mvumo, namba zinakadiriwa na kitu kidogo kinapotea. Biti 16 zinakupa nafasi ya desibeli 96 kati ya mnong'ono na kishindo. Biti 24, kinadharia, ni desibeli 144. Ile ziada ndiyo unene wa ubao. Mjukuu wa yule mama, akiwa na programu ambazo leo hatuzijui, atakuwa na kitu cha kurandia.

3. Wape vigelegele nafasi

Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 96 tangu maiki ya kwanza. Rekodi ya biti 16 huwezi kuinenepesha baadaye. Utapata faili kubwa lenye sauti ileile ndogo.

Kisha acha nafasi juu. Fundi aliyezoea studio ya mjini hupandisha sauti mpaka taa za njano ziwake. Kwenye kwaya na ngoma za Kilosa hilo litakuumiza, kwa sababu hakuna anayejua vigelegele vitapigwa saa ngapi. Ubeti unakwenda kwa upole, mama mmoja nyuma anaguswa, anapiga kigelegele kimoja karibu na maiki, na rekodi imepasuka. Mimi huiacha sauti ya kawaida ya kwaya ikicheza karibu na desibeli 18 hadi 20 chini ya kilele. Ukiwa na biti 24 hupotezi chochote kwa kurekodi chini hivyo. Hii ndiyo faida ya biti 24 iliyo wazi kuliko zote, na ajabu ni kwamba ndiyo isiyotumika.

4. Soma saa ya barabara

Malori ya masafa marefu yana mvumo wa chini ambao sikio linauzoea lakini maiki haiusahau. Pima mwenyewe: kaa kimya dakika kumi, hesabu yanapita mangapi, na uone ni saa ngapi yanapungua. Bati nalo, jua linapozama, hupoa na kuanza kugonga tak, tak. Mvua ikianza, funga kazi, mnywe chai.

Kabla kwaya haijaanza, rekodi dakika nzima ya ukumbi ukiwa kimya. Utaihitaji mara mbili: programu ya kupunguza kelele hujifunza kutoka hapo, na wewe utaitumia kuziba mapengo kati ya nyimbo. Ukimya wa kompyuta, ule wa sifuri tupu, unasikika kama mtu kazima umeme katikati ya ibada.

Mvumo wa malori huondolewa kwa kichujio kinachokata chini ya hezi 40 hivi, ikiwa ni kwaya tupu. Ngoma kubwa ikiwepo, usikate kabla hujasikiliza kwa hedifoni nzuri. Tumbo la ngoma linakaa hukohuko chini, jirani kabisa na lori.

5. Piga hesabu kabla ya kufungua programu

Sauti ya spika mbili, biti 24, kilohezi 96, inakula baiti 576,000 kwa sekunde. Saa moja ni kama gigabaiti 2.1. DVD ya upande mmoja na tabaka moja ni gigabaiti 4.7, na ukiweka picha isiyosogea juu ya sauti, utapata karibu dakika 110. Albamu ya kwaya inatosha, na ushuhuda wa mchungaji juu.

Ukipanda hadi kilohezi 192 kwenye DVD-Audio, unabaki na dakika 68 tu. Na ukitaka sauti ya spika sita kwa kilohezi 96, inahitaji megabiti 13.8 kwa sekunde wakati DVD-Audio inaruhusu 9.6. Ndiyo maana Meridian wa Uingereza walitengeneza mbano wa MLP, unaopunguza ukubwa bila kutupa hata biti moja. Kwa kwaya ya Magole spika sita hazihitajiki. Spika mbili zilizopangwa vizuri zinakurudisha kanisani.

6. Mkono uwe mwepesi

Kidokezo hiki ndicho kinachonigusa zaidi, mnivumilie nikae hapa kidogo.

Tumezoea sauti inayofokea. Bongo Fleva inashindania masikio ndani ya daladala, na limita zinasukumwa mpaka wimbo mzima unakuwa na kimo kimoja, mwanzo mpaka mwisho. Kwa muziki wa kucheza mtaani naelewa. Lakini ngoma ya Wakaguru, wenyeji wa huku kwetu, haikutengenezwa hivyo. Mpigaji huanza kwa vidole, kama anayebisha hodi. Waimbaji wanaingia mmoja mmoja, anayeongoza anatupa neno, wengine wanalipokea, na kishindo kinakuja baada ya dakika tatu za kungojwa. Ukikibana kishindo kile kilingane na hodi ya mwanzo, umeua ngoma. Umeandika maneno bila pumzi.

Mimi hufanya hivi. Kwanza nasikiliza albamu yote bila kugusa kitu, na kalamu mkononi. Kisha ekwalaiza kidogo, desibeli moja au mbili, mahali nilipoandika tu. Kompresa mara nyingi siitumii kabisa. Naacha kilele cha juu kikomee desibeli moja chini ya sifuri, nikipima kwa kipimo cha kilele halisi, si kile cha kawaida kinachokosa mawimbi yaliyo kati ya sampuli na sampuli. Wastani wa nguvu ya sauti hupimwa kwa LUFS. Mitandao ya muziki mara nyingi huwa karibu na LUFS 14 chini ya sifuri, na redio za Ulaya zina kanuni ya 23. Kwenye diski hakuna anayekupangia. Ikitua kwenye 18 au 20, iache hapo. Mwenye deki anayo rimoti.

Jihadhari pia na kisafisha kelele. Wagogo, majirani zetu wa upande wa Dodoma, wana marimba ya vidole ambayo tundu lake huzibwa kwa utando wa buibui, ili kila noti itoke na mlio wa kuvuma. Mwanamuziki wao, marehemu Hukwe Zawose, alitembeza sauti hiyo dunia nzima. Programu ya kusafisha, isiyojua nyumbani kwao, itauona mvumo ule kuwa uchafu na kuufuta. Njuga nazo zimo hatarini, kayamba vilevile. Kabla hujafuta kelele yoyote, muulize mpigaji: hii ni ya kwako?

7. Chagua programu kwa kazi, si kwa sifa

Kurekodi na kuchanganya, Reaper inatosha na bei yake inavumilika. Inatoa hata kifurushi cha DDP, ambacho viwanda vya CD hupokea badala ya diski. WaveLab ya Steinberg, Ujerumani, ndiyo nyumba ya mastaringi kwa mafundi wengi. Matoleo yake ya zamani yaliweza pia kutengeneza DVD-Audio. discWelder ya Minnetonka, Marekani, ilizaliwa kwa kazi hiyo hasa. Pyramix ya Uswisi ndiyo inayotumika sana kwenye SACD. Kwa DVD ya kawaida utahitaji programu ya kutengeneza DVD, na swali la kuiuliza ni moja: inakubali sauti ya PCM, yaani isiyobanwa, ya biti 24 kwa 96 bila kuigusa? Nyingi za bure huibana sauti kimyakimya kuwa AC-3, mbano unaotupa sehemu ya sauti. Ikifanya hivyo, kazi yako yote imeishia mlangoni.

Pima hivi: choma diski ya majaribio, itoe sauti yake tena kwenye kompyuta, ulinganishe na faili la awali. Zikiwa sawa biti kwa biti, endelea.

8. Pangilia nyimbo kama ibada inavyopangwa

Usiweke sekunde mbili kila mahali kwa sababu programu imependekeza. Baada ya wimbo wa maombolezo, acha sekunde nne au tano za ukumbi ule ulioukamata kimya. Nyimbo mbili zinazopokezana ziunge bila mwanya. Mwalimu wa kwaya anaujua mpangilio huu kuliko wewe. Kaa naye.

Na kwa kuwa diski itachezwa kwenye runinga, weka picha moja tulivu kwa kila wimbo, yenye jina la wimbo kwa herufi kubwa. Skrini nyeusi itamfanya babu afikiri deki imeharibika. Diski ianze kucheza yenyewe ikiingizwa. Menyu ya vitufe vingi inawasumbua wasiosoma vizuri.

9. Andika majina yote

Nimeshika CD nyingi za ngoma ambazo kava lake linasema "Kikundi cha Utamaduni" na namba ya simu. Aliyeongoza wimbo nani? Ngoma ile kwa Kikaguru inaitwaje? Imerekodiwa kijiji gani, mwaka gani? Hakuna.

Andika jina la anayeongoza, wapokeaji, wapigaji na ngoma walizopiga, kijiji, tarehe. Andika maneno ya wimbo kwa Kikaguru na maana yake kwa Kiswahili, na uyaweke kama faili la kawaida la maandishi ndani ya diski hiyohiyo, kando ya muziki. Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Wazee wakikuambia wimbo ni wa ukoo fulani, liandike hilo nalo, maana ndilo jina la mwenye mali.

Kila rekodi ipewe namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, na kazi isajiliwe kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa pia sanaa za jadi, kwa hiyo usidhani wimbo usio na mtunzi anayejulikana ni wa kuokotwa.

10. Toa nakala ya CD mwisho, si mwanzo

Wenye magari na redio za CD watataka CD, na wana haki. Itengeneze kutoka kwenye masta ya biti 24 iliyokamilika. Shusha kilohezi 96 kwenda 44.1 kwa kibadilishi kizuri, kisha, kama hatua ya mwisho kabisa, shusha biti 24 kwenda 16 ukiwa umewasha ditha. Ditha ni mvumo mdogo sana unaoongezwa makusudi ili sauti hafifu zififie kwa ulaini badala ya kukatika vipandevipande. Iweke mara moja tu. Faili la simu litoke kwenye masta ileile pia.

11. Choma polepole, na umeme uwe wa uhakika

Tumia DVD-R tupu za kampuni inayojulikana. Zile za kufutika usizitumie, deki nyingi huzikataa. Choma kwa mwendo wa mara 4 au 8, hata kama boksi linasema 16. Laptopu yenye betri nzuri ni bora kuliko kompyuta ya mezani, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuchoma, diski hiyo ni ya kutundika shambani kufukuzia ndege. Baada ya kuchoma, programu iihakiki diski yote. Halafu nenda uijaribu kwenye deki tatu tofauti, za majirani, zilizozeeka.

Usibandike karatasi juu ya diski. Gundi huvutika kwenye joto na kuipinda. Andika kwa kalamu laini isiyo ya spiriti, karibu na tundu la katikati, mahali pasipo na data.

12. Weka nakala mbali na mto

Mji wa Morogoro ndio uliotupa bendi mbili, Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Salum alifariki 1965, Mbaraka 1979, wote wangali vijana. Sehemu ya tunachokisikia leo kutoka enzi yao ipo kwa sababu mafundi wa redio ya taifa waliwarekodi, wakaandika lebo kwenye maboksi, wakayapanga rafuni. Bendi ambazo kanda zake zilipotea tunazijua kwa majina tu.

Huku kwetu adui ni joto na maji. Januari 2014 mafuriko yalipovamia Magole na Dumila, nyumba zilianguka, na barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma ikakatika. Watu waliokoa watoto na, walipoweza, gunia la mahindi. Hakuna aliyerudi ndani kufuata albamu.

Kwa hiyo kila masta ninayoimaliza sasa inakwenda sehemu tatu. Diski moja inabaki kwa katibu wa kwaya, ndani ya kasha gumu, limesimamishwa wima kwenye rafu ya juu, mbali na dirisha. Ya pili inapanda basi hadi kwa ndugu Mikumi. Ya tatu, pamoja na mafaili yote ya awali kwenye hadidiski, inakaa Dar es Salaam. Kila Januari nazifungua zote, nasoma kila faili mwanzo hadi mwisho, na iliyoanza kuchoka naichoma upya.

Diski ya yule mama ina namba 1. Nyuma ya kasha lake, chini ya orodha ya sauti ya kwanza, jina lake ni la tatu kutoka juu.